MLO USIOPIKWA WAKATI WA MSIMU WA MAZAO

Katika msimu wa kuuza mazao, mkulima huondoka alfajiri na mzigo wake, akangoja zamu ya mzani hadi jua kupinduka, na jiko la nyumbani hubaki baridi. Watu wazima hushinda na njaa, na watoto hujitafutia chochote cha kutafuna. Hata hivyo, si lazima kila mlo upite motoni. Lililo lazima ni kwamba uwe kamili na uwe safi.

Mlo kamili
Tangu kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, wananchi wengi wamekwisha sikia habari za mlo kamili. Chakula kina kazi tatu: kutia nguvu, kujenga mwili na kuulinda. Kazi hizo zote zaweza kutimizwa bila moto. Mtu mzima mmoja apondee ndizi mbivu mbili katika kikombe cha maziwa ya mgando, atie konzi moja ya karanga zilizotwangwa, kisha ale na kipande cha papai au embe. Pasipo maziwa, parachichi lililopondwa lichanganywe na nyanya, kitunguu na ndimu, liliwe pamoja na karanga na ndizi.

Usafi mahali pa moto
Moto huua viini vya maradhi. Pasipo moto, mlinzi ni usafi peke yake, na ukikosekana, kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu huingia nyumbani. Ndimu haitoshi kuua viini hivyo. Kwa hiyo:

1. Mikono, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni.
2. Matunda na mboga vioshwe kwa maji salama kabla ya kumenywa, vikatwe wakati wa kuliwa, wala visilazwe.
3. Maji ya kunywa na ya kuoshea yachemshwe usiku uliotangulia, yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko. Kuni zikikosekana, maji maangavu yatiwe katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi na yaanikwe kwenye jua kali kwa saa 6.
4. Maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe.
5. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, kwani sumukuvu haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kukaangwa.

Visivyoliwa vibichi
Maharage yana sumu ambayo huondolewa kwa kuchemshwa sawasawa. Muhogo mchungu ni hatari zaidi. Mwaka 1985, katika Wilaya ya Tarime, watu walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha. Ugonjwa huo huitwa konzo, na kupooza kwake hakuponi. Watoto walioachwa nyumbani waonywe wasing'oe muhogo na kuutafuna.

Wajibu wa chama
Kila chama cha msingi kiweke kituoni ndoo ya maji yenye bomba, pamoja na sabuni. Gharama yake ni ndogo, na yafaa iingizwe katika makisio ya msimu. Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama makala haya kabla ya mzani kufunguliwa, wakikumbuka kwamba fedha ya mazao inayoishia kununulia dawa haijamfaidia mkulima.