Hawana mfupa, lakini si ndugu wote

Mtoto akichimba udongo na kutoa nyungunyungu, wengi wetu tunapiga kelele: “Tupa! Huyo ndiye mnyoo wa tumbo!” Sivyo. Wote wawili hawana uti wa mgongo wala miguu, ila kila mmoja ana mwili wake na kazi yake.

Nyungunyungu ana pete kuanzia kichwa hadi mkia. Anakula majani yaliyooza na kutoboa udongo, maji na hewa vikapita. Mama mwenye shamba la maharagwe Kabare au Walungu amshukuru.

Mnyoo wa tumbo ni laini, hana pete, na ncha zake zote mbili zimechongoka. Anaweza kufika sentimeta 30. Jike mmoja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na choo kikubwa, hukomaa udongoni kwa majuma mawili au zaidi, kisha huingia mdomoni kwa mikono michafu au matunda yasiyooshwa. Mji wetu ni wa milima: mvua ikijaza choo cha juu, uchafu unateremkia kwa jirani wa chini. Basi kufunika choo ni kulinda watoto wa wengine pia.

Katika kila aina 10 za wanyama zinazojulikana, zaidi ya 9 hazina uti wa mgongo. Hatutazijua zote, lakini tunaweza kuwafundisha watoto kutazama mwili.

Miguu sita ni mdudu: nyuki, mende, mbu. Mbu jike ndiye anayeuma, na hutaga kwenye maji yaliyotulia. Mwageni maji ya mabido na makopo ya nje kila juma. Miguu minane ni buibui, au kupe, jamaa yake. Buibui wa ukutani anakamata nzi na mbu. Jongoo ana jozi mbili za miguu karibu kila pingili. Anatembea polepole na haumi. Tandu ana jozi moja, anakimbia, na ana sumu. Huyo asishikwe.

Tusiue kila kinachotambaa. Tuondoe mayai ya mnyoo: sabuni kabla ya kula na baada ya choo, matunda yaoshwe kwa maji safi. Na mtoto akitoa mnyoo, mpelekeni kituo cha afya apewe dawa.