Motokaa ya Zamani Inauzwa: Je, Mwuzaji Aseme Yote?

Huko Uingereza iko motokaa ndogo ya watu wawili, yenye paa la turubali la kukunja, ambayo hata leo haikosi kutangazwa kuwa inauzwa. Jina lake MGB. Haiundwi tena, lakini wapenzi wake ni wengi.

Herufi M na G zatokana na Morris Garages, gereji ya William Morris katika mji wa Oxford. Bwana huyu alizaliwa mwaka 1877, akaanza kazi kwa kutengeneza baisikeli za watu, akaishia kuwa tajiri mkubwa. Lakini mali yake hakuila peke yake: tangu mwaka 1938 alijitolea kuunda mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua, akazitoa bure kwa mahospitali. Motokaa za MG zilibuniwa na Cecil Kimber, aliyekuwa msimamizi wa gereji hiyo tangu mwaka 1922. Mwaka 1929 kiwanda kikahamia Abingdon, mji uliokua kando ya monasteri kubwa ya Wabenedikto, mpaka Mfalme Henry wa Nane alipoifunga mwaka 1538.

Hapo ndipo MGB ilipoanza kuundwa mwaka 1962. Injini yake ina silinda 4, nayo yaweza kupita mwendo wa kilometa 160 kwa saa. Ziliundwa zaidi ya 500,000 za namna zote, na nyingi zikapelekwa Marekani. Mwaka 1980 kiwanda kikafungwa. Basi, hata ile ya mwisho kabisa sasa imepita miaka 40.

Haya, tuje kwenye shida yake. Motokaa nyingi za zamani zilikuwa na fremu ya chuma chini, na bodi ikaketishwa juu yake. MGB haina fremu ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Na kwa kuwa haina paa la chuma la kuikaza, nguvu yake kubwa imo katika mihimili miwili iliyo chini ya milango. Mihimili hiyo imefanywa kwa mabati yaliyounganishwa, ndani mna uwazi. Tope huingia, pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani huko Uingereza wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Kutu hula kutoka ndani, wala hakuna anayeiona.

Mwuzaji mwenye hila hufanyaje? Hupachika bati jipya juu ya lililooza, au huziba matundu kwa puti, kisha hupaka rangi ikang'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Mnunuzi mwerevu huja na sumaku, kwa maana sumaku haishiki puti. Tena huinua gari kwa jeki na kutazama mlango: ukikwama, mhimili umekwisha.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uingereza haiyalazimishi magari yaliyopita miaka 40, yasiyobadilishwa sana, kupimwa kila mwaka. Hivyo usalama wa mnunuzi, na wa mkewe anayeketi kando yake, umebaki mikononi mwa mwenye gari na katika dhamiri ya mwuzaji.

Mtakatifu Toma wa Akwino aliliandika jambo hili katika karne ya 13. Alisema hivi: kasoro iliyo wazi, kama vile farasi chongo, si lazima kuitangaza, maadamu bei imepunguzwa kwa haki. Lakini kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima mwuzaji aiseme. Akinyamaza, amedanganya, naye anadaiwa kulipa hasara.

Wazazi, wafundisheni watoto hayo. Katika kijiji hatuuziani MGB, bali twauziana baisikeli, ng'ombe na mbegu. Baisikeli yenye uma uliopasuka na kupakwa rangi yaweza kumwua mtoto wa jirani mteremkoni. Amri ya Saba haivunjwi kwa mkono wa mwizi wa usiku tu. Huvunjwa pia mchana, sokoni, kwa kunyamaza. Afadhali shilingi pungufu pamoja na dhamiri safi, kuliko bei kubwa iliyolipwa na mtu asiyejua anachonunua.