Moyo unaopiga ovyo: Kwa nini dawa ya zamani bado ni bora kwa wenye valvu iliyobana

Watu wengi wakisikia kiharusi, wanamfikiria mzee mwenye presha. Lakini katika hospitali nyingi za Afrika wapo wagonjwa wa kiharusi wenye miaka 30 au 40, wengi wao wanawake, ambao presha yao haina shida yoyote.

Tatizo lao lilianza miaka mingi nyuma, wakiwa watoto, kwa maumivu ya koo. Kimya kimya likafika kwenye moyo, likaharibu valvu, kisha moyo ukaanza kupiga bila mpangilio.

Hali hiyo ya moyo kupiga ovyo kitaalamu inaitwa fibrilesheni ya atiria. Inawapata watu wa aina nyingi duniani. Ila kwa mtu ambaye valvu ya moyo wake imebanwa na homa ya rumatiki, hatari yake ni kubwa zaidi na dawa yake ni tofauti.

Tofauti hiyo ni muhimu kuijua, kwa sababu ushauri unaomfaa ndugu au jirani mwenye mapigo ya ovyo unaweza kumdhuru mgonjwa huyu.

Kutoka kooni hadi kwenye moyo

Chanzo ni bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A, anayesababisha maumivu ya koo, hasa kwa watoto wa umri wa shule. Koo likipona lenyewe bila dawa, wazazi wengi wanaona yameisha.

Kwa baadhi ya watoto hayajaisha. Wiki mbili au tatu baadaye, kinga ya mwili iliyokuwa ikipambana na bakteria inageuka na kushambulia viungo, ngozi na moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki.

Maumivu ya viungo hupona, lakini valvu za moyo zinaweza kubaki na makovu. Kila homa inaporudi, makovu yanaongezeka.

Valvu inayoumia zaidi ni ya mitrali, yaani mlango ulioko kati ya chumba cha juu na chumba cha chini upande wa kushoto wa moyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, mlango huo ukifunguka una nafasi ya sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukifika 1.5 au chini ya hapo, madaktari wanasema umebana sana.

Zaidi ya watu milioni 40 duniani wanaishi na ugonjwa huu, wengi wakiwa Afrika kusini mwa Sahara, Asia Kusini na visiwa vya Pasifiki.

Utafiti wa REMEDY, ulioandikisha wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen, ulionyesha kwamba nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Na karibu mgonjwa mmoja kati ya watano tayari alikuwa na fibrilesheni ya atiria.

Kwa nini moyo unapoteza mdundo?

Mlango ukibana, damu inapata shida kupita. Chumba cha juu cha kushoto kinalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila siku, mwaka hadi mwaka. Matokeo yake kinatanuka, na kuta zake zinaingia makovu.

Sasa, mapigo ya moyo yanaongozwa na umeme unaosafiri kwenye kuta hizo. Ukipita kwenye ukuta uliovutika na wenye makovu, umeme huo unakatika na kuzunguka ovyo. Badala ya kubana na kuachia kwa pamoja, chumba kinatetemeka tu, mara 400 au zaidi kwa dakika.

Si kila mtetemo unaofika chini, lakini inayopita inatosha kuufanya moyo upige haraka na bila mpangilio. Mgonjwa anasema moyo unamwenda mbio, anachoka akipanda ngazi kidogo tu, au anaamka usiku akitafuta pumzi.

Kwa mwenye valvu iliyobana, mwendo wa haraka ni balaa jingine. Damu inahitaji muda kupita kwenye mlango mwembamba. Moyo ukikimbia, muda huo unapungua, damu inarudi nyuma na mapafu yanajaa maji.

Wapo pia wasiosikia chochote. Hao wanagundulika kwa kipimo cha ECG wakiwa wamekwenda kliniki kwa jambo lingine, au baada ya kupata kiharusi.

Damu iliyotuama huganda

Chumba kinachotetemeka hakisukumi damu vizuri. Damu inatuama, hasa kwenye kifuko kidogo kilichoko pembeni mwa chumba hicho, na damu iliyotuama ni rahisi kuganda.

Bonge likichomoka, linabebwa na damu. Likifika kwenye ubongo na kuziba mshipa, hicho ni kiharusi. Linaweza pia kuziba mshipa wa mguu, figo au utumbo.

Utafiti uliofanywa katika mji wa Framingham, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba mapigo haya ya ovyo yanaongeza hatari ya kiharusi mara 5. Kwa mtu ambaye pia ana ugonjwa wa valvu wa rumatiki, hatari ilikuwa mara 17.

Ndiyo maana kwa wagonjwa wengine daktari huanza kwa kujumlisha alama za umri, kisukari, presha na mengineyo kabla ya kuamua kama mtu anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa mwenye valvu ya mitrali iliyobana kwa kiasi cha kati au sana, hakuna haja ya kujumlisha. Akishapata fibrilesheni, anahitaji dawa hata kama ana miaka 25.

Dawa ya zamani dhidi ya dawa mpya

Dawa iliyotumika kwa miongo mingi ni wafarini, iliyoanza kutumika kwa binadamu Marekani mwaka 1954. Inafanya kazi, ila ina masharti. Mgonjwa lazima apime damu mara kwa mara, na dozi inapandishwa au kushushwa kulingana na majibu.

Miaka ya karibuni zimekuja dawa mpya kama rivaroksabani. Dozi yake ni ileile kila siku, haihitaji kipimo cha kila mwezi wala haijali umekula mboga gani. Kwa watu wenye fibrilesheni isiyotokana na valvu iliyobana, dawa hizi mpya ndizo zinazopendekezwa kwanza.

Matumaini yalikuwa kwamba zingewafaa pia wagonjwa wa rumatiki, hasa wanaoishi mbali na maabara. Ndipo ukafanyika utafiti mkubwa ulioitwa INVICTUS, uliohusisha wagonjwa 4,531 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Latini. Nusu walipewa rivaroksabani, nusu walipewa wafarini au dawa za jamii yake.

Majibu yalitolewa Agosti 2022, na hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Kati ya wagonjwa 2,275 waliopewa dawa mpya, walifariki 552. Kati ya 2,256 wa dawa ya zamani, walifariki 442. Waliopata kiharusi ni 90 kwa dawa mpya na 65 kwa ya zamani.

Hofu kubwa ya watu juu ya wafarini ni kutokwa na damu. Lakini hata hapo dawa mpya haikuonyesha nafuu iliyo wazi: waliovuja damu kwa kiwango kikubwa walikuwa 40 upande wa dawa mpya na 56 upande wa wafarini, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema moja ni salama kuliko nyingine.

Kwa nini wafarini ilishinda?

Jibu kamili bado halijapatikana. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na vifo vya ghafla na vya moyo kushindwa kufanya kazi, si viharusi peke yake.

Moja ya mambo yanayojadiliwa na wataalamu ni kwamba mtu wa wafarini anaonana na mhudumu wa afya kila mara anapokwenda kupima damu. Hapo uvimbe wa miguu, pumzi kubana au dawa iliyoisha vinaonekana mapema.

Vyovyote iwavyo, ujumbe kwa mgonjwa ni mmoja. Ukiambiwa na ndugu aliyeko Ulaya au Uarabuni kwamba dawa yako imepitwa na wakati na uiache utumie mpya, jua kwamba huenda ugonjwa wake si sawa na wako. Usibadilishe bila daktari wako.

INR: Namba ndogo yenye kazi kubwa

Kipimo kinachoongoza wafarini kinaitwa INR. Kwa mtu asiyetumia dawa hii, INR huwa karibu na 1. Kwa mgonjwa wa valvu iliyobana mwenye fibrilesheni, lengo ni kati ya 2 na 3.

Ikishuka chini ya 2, damu inaweza kuganda kana kwamba dawa haipo. Ikipanda sana kupita 3, hatari ya kuvuja damu inaongezeka. Aliyewekewa valvu bandia ya chuma anaweza kupangiwa lengo la juu zaidi.

Hapa ndipo penye kazi. Katika REMEDY, ni asilimia 28 tu ya waliokuwa na majibu ya INR waliokutwa ndani ya kiwango. Katika INVICTUS ilikuwa kama theluthi moja mwanzoni, kisha ikapanda na kuzidi nusu baada ya wagonjwa kufuatiliwa kwa karibu. Yaani ufuatiliaji wa karibu unawezekana, na unaleta tofauti.

Vitu vya kawaida vinavyoisumbua wafarini ni hivi:

- Mboga za majani. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa. Si marufuku. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, si kuziacha mwezi mzima halafu kuzila kila siku.

- Dawa za dukani. Metronidazole, ambayo wengi wanaiita Flagyl, na Septrin zinaweza kupandisha INR sana. Asprini na diklofenaki zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

- Dawa za kifua kikuu. Rifampisini inaishusha INR, hivyo dozi ya wafarini inahitaji kuangaliwa upya, na tena inapoachwa.

- Pombe na mitishamba. Mweleze daktari ukweli, hata kama unaona aibu.

Ukisahau kidonge na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya kawaida. Usimeze miwili kufidia.

Kwa wanawake wanaotarajia ujauzito

Ugonjwa huu unawapata wanawake wengi wakiwa katika umri wa kuzaa, na mara nyingi ujauzito ndio unaoufichua. Mimba inaongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na valvu iliyobana inalemewa.

Wafarini nayo inaweza kumdhuru mtoto aliyeko tumboni, hasa katika wiki ya 6 hadi ya 12. Lakini kuiacha ghafla bila mbadala kunamweka mama kwenye hatari ya kiharusi.

Kinachoshauriwa ni kuzungumza na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba. Ukikuta tayari umeshika, nenda mapema, ndani ya siku chache, si kusubiri miadi ya mwezi ujao. Zipo sindano za heparini ambazo daktari anaweza kuzitumia kwa kipindi fulani.

Dawa ya damu peke yake haitoshi

Mgonjwa huhitaji pia dawa za kupunguza kasi ya moyo na za kutoa maji mwilini. Valvu yenyewe ikiwa imebana sana, inaweza kutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, au kurekebishwa na kubadilishwa kwa upasuaji.

Kwa watoto na vijana, sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 inazuia homa kurudi na kuongeza makovu. Utafiti wa kaskazini mwa Uganda uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia kwa miaka miwili watoto ambao ugonjwa ulikuwa bado haujaonyesha dalili. Ugonjwa uliongezeka kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa sindano, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Njia rahisi ya kujichunguza ni kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima ukiwa umetulia. Yakiwa yanaruka bila mpangilio wowote, au yakizidi 100, nenda ukapimwe ECG. Mwenye historia ya homa ya rumatiki au valvu mbovu asipuuze hata kidogo.

Nenda hospitali mara moja ukiona:

- Uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu umelegea ghafla, au maneno hayatoki vizuri. Kumbuka saa dalili zilipoanza, daktari atauliza.

- Mguu umekuwa wa baridi na unauma sana ghafla.

- Kinyesi cheusi kama lami, mkojo wenye damu, damu ya pua isiyokatika, au maumivu makali ya kichwa baada ya kuanguka, ukiwa unatumia wafarini.

- Pumzi inabana hata ukiwa umelala.

Beba daftari lako la INR na orodha ya dawa zote unazotumia. Ukifika, sema mapema kwamba unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kabla hujachomwa sindano wala kung'olewa jino.