Usonji Shuleni: Kwa Nini Wasichana Hupita Bila Kutambuliwa

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maisha yote. Huathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, na huambatana na kupenda utaratibu usiobadilika, kuzama katika jambo moja, na kusumbuliwa na sauti, mwanga au mguso. Wavulana ndio wanaotambuliwa zaidi. Uchambuzi wa tafiti 54 uliofanywa na watafiti wa Uingereza mwaka 2017 ulikadiria wavulana watatu hivi kwa kila msichana mmoja. Hata hivyo, tafiti zilizohesabu waliokwisha kutambuliwa zilipata zaidi ya wanne, yaani wengi kuliko zile zilizowatafuta watoto wenyewe katika jamii. Tofauti hiyo ina maana kwamba wapo wasichana wenye usonji ambao hali yao haijajulikana.

Vigezo vya utambuzi vilijengwa zaidi juu ya wavulana. Kati ya watoto 11 wenye usonji walioelezwa na daktari Leo Kanner nchini Marekani mwaka 1943, wanane walikuwa wavulana; wanne walioelezwa na daktari Hans Asperger huko Vienna mwaka 1944 wote walikuwa wavulana. Daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alikwisha kuandika habari za wasichana wenye sifa kama hizo katika miaka ya 1920, lakini kazi yake haikusomwa sana nje ya nchi yake.

Uwanja wa shule wakati wa mapumziko huonyesha waziwazi tofauti kati ya wavulana na wasichana wenye usonji. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 ulifuatilia watoto 96 wa shule za msingi, nusu yao wakiwa na usonji. Wavulana wasio na usonji walicheza michezo yenye kanuni, kwa hiyo mvulana aliyezunguka peke yake alionekana mara moja. Wasichana walikaa vikundi vikundi wakizungumza. Msichana mwenye usonji alisogea karibu nao, akaingia kidogo, akatoka, kisha akarudi. Kwa mwalimu aliyesimama mbali, alikuwa pamoja na wenzake; kumbe hakudumu katika mazungumzo wala mchezo.

Darasani wasichana wengi huficha sifa zao kwa kujifananisha na wengine. Huandaa sentensi kabla ya kuzisema, huiga sura na ishara za mwenzao, na hujilazimisha kumtazama mtu machoni. Mambo wanayoyapenda nayo hayashtui: wanyama, waimbaji, hadithi. Kinachopaswa kuangaliwa ni kina cha mapenzi hayo, si jambo lenyewe. Kujificha huko huchosha, na huhusishwa na wasiwasi na sonona. Mtoto aliyetulia shuleni kutwa huweza kulia au kufoka mara afikapo nyumbani, hata mzazi na mwalimu wakadhani wanazungumzia watoto wawili tofauti.

Urafiki nao una sura mbili. Wasichana wenye usonji kwa kawaida hutamani marafiki wa karibu kama wasichana wengine, lakini hutatizwa na ugomvi wa chini kwa chini: kusengenywa, kununiwa, kuachwa nje ya kundi. Mvulana hukutana zaidi na uonevu wa wazi, na tabia zake huweza kuchukuliwa kuwa utovu wa nidhamu, akaadhibiwa badala ya kusaidiwa. Hizi ni tofauti za wastani tu. Wapo wavulana wanaojificha na wasichana wanaoonekana dhahiri.

Kwa hiyo ukimya na alama nzuri havitoshi kuondoa shaka. Mwalimu anahitaji kuangalia mtoto anadumu muda gani katika mchezo, anafanyaje ratiba inapobadilika ghafla, na anavumiliaje kelele. Kisha alinganishe na maelezo ya mzazi. Msaada wenyewe mara nyingi ni mdogo: ratiba iliyoandikwa, mahali tulivu pa kupumzikia, maelekezo ya moja kwa moja, na usimamizi wa kazi za vikundi ili asiachwe pembeni.