Kuchangisha Mnadani

Jumamosi moja tulikwenda mnada wa Msalato, hapa Dodoma, kuomba michango ya magodoro ya watoto yatima. Mimi niliwaendea wenye viatu vya ngozi tu. Wazee wenye migolole niliwapita. Jioni daftari langu lilionyesha kwamba wenye viatu ndio watoaji. Kumbe wengine sikuwauliza hata mmoja! Basi mchangishaji na aandike pia wale aliowapita.

Juma la pili nilisimama kwanza kando ya zizi, nikatazama. Mwenye viatu alikuja kununua, fedha yake ina kazi. Mzee wa mgolole amekwisha kuuza ng'ombe, anahesabu noti. "Shikamoo, babu," nikamweleza haja yetu. Alitoa shilingi 10,000, akaniuliza mbona juma lile nilimpita.