Ukuta Unyamaze, Vyombo Viseme: Namna ya Kuchagua Rangi za Nyumba Zetu



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, kila msimu wa korosho watu wanapolipwa fedha zao, wengi wetu hapa Mtwara hukumbuka kupaka rangi nyumba. Huyu anaoza binti, yule anangoja Idd, mwingine amemaliza kupiga plasta chumba cha mwisho. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba rangi nyingi huchaguliwa kwa haraka pale dukani, au kwa kuiga ukuta wa jirani. Matokeo yake fedha zinakwisha kabla ya kuta, na ada ya mtoto huingia ndani ya kopo la rangi. Ndiyo maana tumeona ni vyema mwaka huu tulieleze jambo hili.

Uzuri haukukatazwa

Dini yetu haikukataza nyumba kupendeza. Katika Suratul-Baqara aya ya 69 ng'ombe wa Bani Israili anasifiwa kwa rangi ya njano iliyokoza, yenye kuwafurahisha wanaomtazama. Kumbe rangi ina athari katika nyoyo, nasi tunaruhusiwa kufurahi kwayo. Lakini Suratul-A'raf aya ya 31, baada ya kutuamrisha kujipamba tunapokwenda kuswali, inatukataza israfu.

Tena amepokea Anas (r.a.), katika Sahihi Bukhari, kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa na pazia lenye mapambo upande mmoja wa nyumba yake. Mtume (S.A.W.) alimwambia aliondoe, kwa kuwa mapambo yake yalikuwa yakimjia machoni ndani ya swala. Hapa tunapata kipimo: pambo lisimshughulishe mtu akasahau lililo kubwa zaidi.

Waliotutangulia walifanyaje?

Tazameni nyumba za kale za mawe zilizosalia Mikindani, au Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Kuta zake zilipakwa chokaa nyeupe. Mtu anaweza kudhani wazee hawakujua rangi. Sivyo.

Nyumba za mawe za pwani yetu, kuanzia Lamu hadi huku kusini, ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti haina urefu mkubwa. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3, na madirisha yalikuwa machache. Chokaa nyeupe iliubeba mwanga mdogo uliopita mlangoni ikausambaza hadi ndani kabisa. Zaidi ya hayo, ukuta mweupe hauvuti joto kama ukuta wenye rangi nzito.

Rangi zenyewe zilikuwa kwenye vyombo. Huko Lamu ukuta ulichongwa zidaka, na ndani yake zikapangwa sahani na bakuli za Kichina. Chini ulitandikwa mkeka wa ukindu wenye mistari ya rangi. Huo ndio msingi tunaotaka wanafunzi wetu waushike: ukuta unyamaze, vyombo viseme. Mkeka ukichakaa unabadilishwa kwa fedha kidogo, lakini ukuta wenye rangi kali ukikuchosha, utaulipia upya wote.

Mwalimu wa rangi yumo sandukuni

Wengine huuliza, "Tutajuaje rangi zipi zinaelewana?" Mama, fungua sanduku lako utoe kanga unayoipenda. Kanga ina pindo, mji na jina. Hesabu rangi zake: mara nyingi ni mbili au tatu tu. Kisha angalia vipimo. Rangi moja imetawala, ya pili inaisaidia, na ya tatu imedondoshwa kidogo hapa na pale. Aliyeichora amekwisha kukufanyia kazi.

Chukua kipimo hicho ukiingize chumbani. Katika sehemu 10, sehemu 6 ziwe za rangi tulivu ya kuta, sehemu 3 ziwe za mapazia, mito na mlango, na sehemu 1 iwe ya rangi kali katika vitu vidogo, kama kitambaa cha meza.

Rangi nyingine zimetuzunguka. Hii hapa mifano mitatu:

1. Krimu ya mchanga wa Msimbati, kijani cha mikoko ya mlango wa Ruvuma, na wekundu kidogo wa bibo lililoiva.
2. Weupe wa chokaa, hudhurungi nyekundu ya udongo wa nyanda za Makonde, na weusi kidogo wa mpingo.
3. Bluu hafifu ya bahari maji yakijaa, weupe wa tanga, na njano kidogo.

Jua linapita wapi?

Sisi wa Mtwara tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 10 na kitu. Kuanzia mwisho wa Februari hadi baada ya katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kaskazini hupata mwanga sehemu kubwa ya mwaka, na cha magharibi huchomwa na jua la alasiri. Hivi vinafaa weupe, bluu hafifu au kijani hafifu. Chumba cha kusini huwa na kiza zaidi, nacho hufaa krimu au njano laini.

Kibla chetu pia kiko karibu kaskazini kabisa, kwani Makka na Mtwara ziko takriban katika longitudo moja. Basi ukuta wa kaskazini wa chumba mnachoswalia uacheni wazi, bila picha wala maua makubwa.

Kabla ya kununua ndoo nzima, nunua kopo dogo. Paka kipande cha boksi, kikauke, kisha kiegemeze ukutani siku nzima. Kitazame baada ya swala ya Alfajiri, Adhuhuri na Magharibi, na usiku chini ya taa. Rangi ileile itakuonyesha sura nne. Ukiipenda katika zote nne, hiyo ni yako.

Ukuta wako ni wa namna gani?

Mji wa Mtwara ulianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilipojengwa bandari kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Nyumba zetu nyingi leo ni za matofali ya saruji, na hizo hupokea rangi ya maji ya kawaida, mradi plasta iwe imekauka vizuri.

Nyumba ya mawe na chokaa ni jambo jingine. Ukuta wake hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa rangi ya plastiki, unyevu na chumvi hukwama ndani, na rangi hubanduka vipandevipande. Ukuta huo upakwe chokaa, tena myepesi, mara tatu au nne, ukiwa umeloweshwa kwanza. Ukitaka rangi, changanya rangi kidogo ya unga inayofaa kwa chokaa, na jua kwamba ikikauka itapauka sana.

Lakini muulizeni muuzaji chokaa yake imetoka wapi. Katika pwani yetu matumbawe yamekuwa yakivunjwa baharini na kuchomwa ili kupata chokaa. Matumbawe ndiyo nyumba ya samaki, na hukua polepole mno. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 ili kulinda mali hiyo. Si sawa kuipamba nyumba yetu kwa kubomoa nyumba ya viumbe wanaotulisha. Nunueni chokaa ya mawe ya nchi kavu.

Jambo la mwisho ni afya. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano, nyekundu na kijani kali, zimekuwa zikitengenezwa kwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi, hasa ubongo. Tafuteni kopo lililoandikwa kuwa halina risasi. Rangi kuukuu ya mafuta isikwanguliwe kavu: ilowesheni, watoto wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Hesabu kabla ya duka

Wanafunzi, wasaidieni wazazi. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mzunguko wa mita 14. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 3, ni mita za mraba 42. Toa 4 za mlango na madirisha, zibaki 38. Kupaka mara mbili ni 76. Lita moja ya rangi ya maji hutosha takriban mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, basi lita 8 zatosha, na ukuta wa kukwaruza utahitaji zaidi. Mwenye hesabu hii mkononi hatauziwa ndoo ya lita 20 kwa chumba kimoja.

Fedha itakayobaki ina haki zake: ada, madaftari, na jirani ambaye paa lake linavuja.

Wabillahi tawfiq.