Samaki Wanaomjua Ndugu kwa Harufu

Theluji inapoyeyuka katika mito ya mashariki mwa Canada, vifaranga wa samoni wa Atlantiki hujitokeza kwenye changarawe walimofukiwa wakiwa mayai. Akiba ya kiini imekwisha, na sasa kila mmoja hujitafutia. Kifaranga hushika nafasi kando ya jiwe, akauelekea mkondo na kudaka wadudu wanaoletwa na maji. Jirani akisogea, humtanulia mapezi. Asipoondoka, humkimbiza na kumng'ata.

Ugomvi huo una gharama. Mshindi hupoteza nguvu ambazo zingemkuza, na mshindwa husukumwa pembeni kusiko na chakula. Wengi hufa katika majuma ya mwanzo.

Miaka ya 1990, Grant Brown na Joseph Brown wa Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, waliyalinganisha makundi ya ndugu na ya wasio ndugu, kwa samoni na pia trauti. Ndugu walishambuliana mara chache zaidi, waliridhika na maeneo madogo, na wanyonge wao walipata chakula kingi zaidi.

Lakini samaki humjuaje nduguye? Kwa kunusa. Ili kulipima hili, samaki huwekwa katika tangi lenye njia mbili, moja ikileta maji yaliyokaa na ndugu zake, nyingine ya wageni, kisha huangaliwa anaelekea wapi. Nchini Sweden, Håkan Olsén aliona samaki wachanga wa jamii ya samoni wakiyafuata maji ya ndugu. Jeni za kinga ya mwili ni miongoni mwa zinazoipa kila familia harufu yake.

Mwaka 1964 Mwingereza William Hamilton alieleza faida ya kuwavumilia ndugu namna hii: ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki, kwa wastani, nusu ya jeni zao. Anayemwachia nduguye nafasi huendeleza sehemu ya urithi wake mwenyewe.

Hata hivyo, undugu una kikomo. Huko Scotland, mwaka 2001, Siân Griffiths na John Armstrong walionyesha kwamba katika kijito kinachokaribiana na hali ya asili, vifaranga wa familia mchanganyiko walinawiri kuliko ndugu watupu. Inaelekea ndugu hufanana mno, hivyo hung'ang'ania mahali pale pale na chakula kile kile.

Amani ya ndugu haiongezi wadudu mtoni. Anayepandikiza samoni ili kuufufua mto ana sababu nzuri ya kuchanganya familia.